Usiliuze gari kwanza

Greensboro, North Carolina

Kaka Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto, na kwa Mzee Kiango kama siku hizi anakubali kusalimiwa. Waama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unaona? Ya darasani bado ninayo. Sasa tuache adabu.

Zaina kaniambia unauza Impreza yako ya rali, na mnunuzi ni yule jamaa wa Korogwe. Yule yule! Nimepiga simu, hupokei. Nimetuma ujumbe, tiki za bluu halafu kimya. Basi nakuandikia barua ndefu makusudi, maana barua huwezi kunikatia.

Sababu nazijua. Mdhamini kajitoa, seti moja ya matairi ya rali inakula ada ya watoto, giaboksi ndiyo hiyo. Na najua ulichomwambia Zaina: mbio hashindi mwenye mkono, anashinda mwenye hela. Maneno hayo yamenikalia kichwani wiki nzima, kwa sababu hapa nilipo, ukiendesha kama saa moja hivi kuelekea kaskazini unaingia Danville, Virginia, na Danville ndiko alikotoka Wendell Scott, dereva mweusi wa mbio za magari za huku, zile za kuzunguka uwanja. Tafadhali usianze na yale mambo yako ya "magari yanayozunguka kama pia". Nisikilize kwanza.

Huyu bwana alizaliwa 1921. Danville ulikuwa mji wa viwanda vya pamba na tumbaku, na yeye aliapa hataingia kiwandani. Ufundi aliupata kwa baba yake, vita vya pili vilipokuja akapelekwa Ulaya kutengeneza magari ya jeshi. Aliporudi akaendesha teksi, akafungua gereji, na usiku akawa anasafirisha gongo. Usicheke, mchezo wenyewe huku umeanzia hapo: vijana wa milimani wanachezea injini ili polisi wasiwapate, mwishowe wanaanza kushindana wao kwa wao. Scott alikamatwa mara moja, 1949, akapewa kifungo cha nje. Basi mwaka 1952 waandaaji wa mbio pale Danville waliona viti havijai, wakapata wazo la kumleta dereva mweusi awe kivutio. Unajua walikwenda kumuulizia wapi? Polisi! Jamani, ni nani mweusi mwenye kasi kuliko wote mjini kwenu? Askari wakamtaja mtu waliyechoka kumfukuza.

Ndivyo alivyoanza, akiwa na miaka thelathini na kitu. Wewe juzi umemwambia Zaina umezeeka.

Watu walimzomea. Viwanja vingine vilimrudisha getini na gari lake nyuma. Darlington kule South Carolina walimfungia mlango kwa miaka. Leseni ya NASCAR yenyewe, chama kinachosimamia mbio hizo, aliipata kwa afisa mmoja pale Richmond aliyeamua kumpa bila kuuliza wakubwa. Madereva wengine walimgonga makusudi, hoteli hazikumpokea. Hata hivyo 1959 akawa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake, na 1961 akaingia ligi kubwa.

Sasa nifike Jacksonville, Florida, tarehe 1 Desemba 1963. Uwanja wa vumbi, nusu maili kwa mzunguko mmoja, mbio za maili 100. Scott yuko na Chevrolet ya mtumba aliyoinunua kwa Ned Jarrett, bingwa wa 1961. Richard Petty anaongoza, gari lake linaharibika usukani, anapunguza mwendo, na ikiwa imebaki mizunguko 25 Scott anampita. Anaongoza. Anamaliza umbali wote, bendera ya mwisho haipungwi. Anazunguka tena. Haipungwi. Mwisho wanamtangaza Buck Baker mshindi, Baker anapewa kombe, anapiga picha na yule mrembo wa mashindano, watu wanakwenda zao. Scott akadai wahesabu upya. Saa kadhaa baadaye, jukwaa tupu, wakakubali kwamba yeye ndiye wa kwanza, tena kamwacha Baker mizunguko miwili.

Miwili, Hamisi! Siyo kwamba walipishana boneti. Wakuu walisema ni makosa ya kuhesabu, na kweli enzi hizo waliandika kwa mkono, mizunguko mia mbili kwenye vumbi lile si mchezo. Scott na familia yake waliamini jambo jingine kabisa: hakuna aliyetaka mwanamume mweusi ampige busu mrembo mzungu mbele ya umati wa Florida ya 1963. Mimi naamini familia. Mtu unaweza kumkosea mzunguko mmoja. Wa pili nao?

Hela alipewa. Kombe halisi hakupata. Amekufa Desemba 1990 bila kombe. NASCAR walimwingiza katika ukumbi wao wa mashujaa 2015, na kombe wakawakabidhi wanawe Agosti 2021 pale Daytona, karibu miaka 58 baadaye. Miezi miwili haijaisha Bubba Wallace akashinda mbio za uwanja wa Talladega, dereva mweusi wa pili kushinda katika ligi ile. Ndiye yule uliyeniuliza, wa gari namba 23, timu ya Michael Jordan na Denny Hamlin.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya kombe. Kombe kila mtu huku analisimulia, naona wanalipenda kwa sababu lina mwisho wake. Mimi kinachoninyima usingizi ni hesabu nyingine. Alishiriki mbio 495 katika ligi kubwa, akashinda hiyo moja. Mara 147 aliingia kumi bora. Mwaka 1966 alimaliza msimu akiwa wa sita kwa pointi! Bila kiwanda cha magari nyuma yake, na spea zilizotumika. Matairi aliyachukua ambayo timu kubwa zimeshayachoka. Wanawe ndio mafundi wake uwanjani. Kwenye gari aliandika: "Fundi: mimi". Hebu fikiria nafsini mwako. Petty analetewa injini mpya, huyu anakaza boliti mwenyewe, anapanda kwenye usukani, anaendesha akijua kabisa akiikanyaga sana itanoki na wiki ijayo hakuna kwenda. Kwa hiyo anajizuia. Mtu ana mkono wa kushinda, na kazi yake kila Jumapili ni kutoshinda, amalize wa nane apate hela ya mafuta ya kurudi Danville. Miaka kumi na zaidi. Mimi na wewe tungeweza? Wewe ambaye pale Pongwe ulishindwa kumvumilia yule wa Mitsubishi Evo kwa kilomita mbili tu...

Nilikwenda Danville na Mkongomani mmoja tunayefanya naye kazi gereji. Mtaa aliokaa Scott siku hizi una jina lake, na jimbo limeweka kibao cha historia. Nikakisoma, yule Mkongomani akaniuliza, sasa na ile gereji iko wapi? Swali la fundi hilo. Wazungu waliokuwa wanapita hawakuuliza.

Hapa sasa ndipo barua inanigeuka. Nilianza nikitaka kukutia moyo. Lakini 1973 Scott alichoka kuendesha mabaki ya wengine, akakopa, akanunua gari la maana, Mercury. Akaipeleka Talladega mwezi Mei, pakatokea ajali kubwa ya magari mengi, Mercury ikaisha, yeye akavunjika mbavu na nyonga. Deni likabaki. Oktoba aliendesha tena Charlotte, akamaliza wa 12, na hapo karibu ndipo mwisho. Akarudi gereji yake. Kwa hiyo ukinijibu, "Salim, mfano wako mwenyewe unasema niuze," sina cha kukupinga. Ningekuwa shemeji ningekwambia uuze jana.

Ila sipendi uuze kwa ile sababu uliyomwambia Zaina. Uza kwa sababu ya ada. Uza kwa sababu ya mgongo wako, ambao, tuambizane ukweli, haujawahi kupona tangu lile tuta. Mwenye mkono na mwenye hela, hilo suala Scott aliendesha ndani yake mbio 495 na sidhani kama alilimaliza. Au pengine...basi, tuliache.

Dullah anasema anaweza kukutafutia giaboksi Mombasa, ya mtumba lakini nzima. Mimi nusu ya bei natoa, siyo mkopo, usianze kunihesabia riba kama ile mara ya redieta. Nitamtumia Zaina, siyo wewe, unajua kwa nini.

Sasa nijibu. Yule wa Korogwe ameshatoa hela au anapiga maneno? Analitaka gari zima au anataka injini aiweke kwenye lake? Ukiuza, utafanya nini Jumamosi, utakaa barazani na Mzee Kiango mkibishana? Umemwambia Sefu, au mtoto atarudi likizo akute banda tupu? Shemeji mwenyewe anasemaje, yeye, siyo unavyodhani anasema? Na zile simu zangu, ulikuwa unaziangalia zikiita? Mgongo je?

Pokea simu Ijumaa usiku, saa tatu za kwenu.

Ni mimi ndugu yako,
Salim