YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIGEUZI CHA SAUTI MLICHONIUZIA KWA AJILI YA TELEVISHENI

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Elektroniki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Tabata. Wiki tatu zilizopita nilinunua dukani kwenu kigeuzi cha sauti, kile kiboksi cheusi kilichoandikwa DAC, kinachogeuza sauti ya kidijitali iwe ile inayoingia kwenye amplifaya, kwa shilingi 185,000. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatisha. Nimeshakuja mara mbili kueleza shida yangu na mara zote mbili nimeambiwa televisheni yangu ndiyo mbovu. Televisheni yangu ni nzima, na nimeamua kuandika ili jambo hili lisiishie kaunta.

Naanza na niliyowaambia siku ya kununua. Baba yangu ana amplifaya aliyoinunua miaka ya 1980, na spika zake mbili za mbao bado zina sauti ambayo televisheni hizi nyembamba hazina. Masikio yake yamepungua nguvu. Akitegemea spika za televisheni, muziki wa kufungulia taarifa ya habari anausikia, maneno ya msomaji yanampita. Amplifaya ina matundu ya waya nyekundu na nyeupe tu. Televisheni nayo, upande wa kutoa sauti, ina tundu la waya wa mwanga (optical) na tundu la HDMI lenye alama ya ARC, yaani linaloweza pia kutoa sauti, basi. Hata la hedifoni haina. Nilimwonyesha kijana wenu picha za nyuma ya vifaa vyote viwili, nikamwambia ninachotaka: mzee asikie kila kinachoonyeshwa, aongeze na kupunguza sauti kwa rimoti akiwa kwenye kiti chake, na jioni nimwekee taarab kutoka kwenye simu. Akanijibu, "Dada, hii inamaliza kila kitu, hii ni 384," akaniwekea kidole kwenye namba iliyo juu ya boksi. Akaichomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya dukani, muziki ukatoka safi, nikalipa.

Nyumbani tulikiunganisha na televisheni kwa waya wa mwanga, na taarifa ya habari kutoka kwenye kisimbuzi ilisikika vizuri na mzee alifurahi sana. Usiku tukafungua filamu ya mtandaoni, ikatoka mikwaruzo mikali mpaka mzee akaziba masikio. Filamu nyingine ikawa kimya kabisa, picha inakwenda, sauti hakuna. Nilipokuja dukani kwa mara ya kwanza mkaniambia nitafute fundi wa televisheni. Nilimlipa shilingi 20,000, akabadilisha waya, hali ikawa ileile.

Ndugu Meneja, chanzo ni hiki, na nimekitafuta mwenyewe usiku tatu mfululizo. Waya wa mwanga unaweza kupitisha sauti ya kawaida ya njia mbili, ile ya PCM, au sauti ya sinema ya spika nyingi iliyobanwa, kama Dolby Digital na DTS. Kifaa mlichoniuzia kinaelewa PCM peke yake. Televisheni yangu ilikuwa imewekwa ijichagulie, kwa hiyo kipindi kikija na Dolby, inaituma hivyohivyo, na kiboksi hakijui la kufanya nayo. Ndiyo maana habari zilisikika na filamu hazikusikika. Niliingia kwenye mipangilio ya sauti, nikachagua PCM, tatizo likaisha papo hapo. Kitu cha dakika moja kimenigharimu pesa ya fundi, nauli za Kariakoo na aibu ya kuambiwa mbele ya wateja wengine kwamba nina televisheni mbovu. Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi haina hata sentensi moja kuhusu jambo hilo.

Lililobaki halina mpangilio wa kulirekebisha. Sauti inayotoka kwenye tundu la waya wa mwanga la televisheni yangu haipandi wala haishuki. Ukibonyeza rimoti hakibadiliki kitu. Kiboksi chenyewe hakina kitufe cha sauti wala rimoti yake. Baba yangu ana miaka 78 na magoti yanamsumbua. Tangazo la biashara likiingia kwa kelele, lazima ainuke, ashike meza, afike kwenye amplifaya azungushe kitufe, halafu habari zikirudi ainuke tena. Siku hizi ananiambia nimrudishie spika za televisheni tu, asinisumbue. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa, kwa sababu kiboksi hiki nilikinunua apate kusikiliza habari zake bila kumwomba mtu msaada.

Kuhusu 384: hiyo ni kHz, yaani sauti inapimwa mara elfu 384 kwa sekunde, na namba hiyo inahusu tundu la USB peke yake. Karatasi yenu inasema tundu la waya wa mwanga linaishia 96 kHz, na sauti ya televisheni kwa kawaida ni 48 kHz. CD, tangu zilipoingia sokoni mwaka 1982, zimekuwa 44.1 kHz, kwa kuwa sikio zima la kijana husikia mitetemo ya mpaka karibu 20 kHz, na vipimo vya sauti vikizidi kidogo mara mbili ya hapo vinatosha. Sikio la mzee wangu haliongezewi chochote na 384. Niliuzwa namba, wakati nilichohitaji ni tundu sahihi na namna ya kuongoza sauti.

Niseme haki pia: taarab kutoka kwenye simu kwa waya wa USB inatoka vizuri, fidla na ganuni unazisikia kila moja mahali pake. Sina ugomvi na ubora wa kifaa. Ugomvi wangu ni kwamba nilitaja matumizi yangu waziwazi na bado nikapewa kisichoyafaa.

Mliniambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi yake na kutegemea ujuzi wake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ningependa tumalizane wenyewe kabla sijapeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Naomba mnibadilishie kiboksi hiki kwa kingine chenye tundu la HDMI ARC kinachopokea amri ya kupandisha na kushusha sauti kutoka kwenye rimoti ya televisheni. Teknolojia hiyo ipo tangu HDMI 1.4 ya mwaka 2009, na tundu lake kwenye televisheni yangu limekaa wazi. Kama hamna, kinachotumia waya wa mwanga lakini chenye rimoti yake kitafaa. Bei ikizidi, nitaongeza. Kama vyote viwili havipo, naomba mnirudishie shilingi 185,000. Naomba pia karatasi moja ibandikwe kwenye rafu ya vifaa hivi: "Weka televisheni yako kwenye PCM." Itamwokoa mteja mwingine.

Kifaa kipo kwenye boksi lake na waya zake zote, hakina mkwaruzo. Naweza kukileta siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja, Tabata