Barua ya wazi kwa wabanguaji wangu: kula kilicho mbele yako

Wajukuu zangu wa kikundi cha kubangua korosho,

Asalaam aleikum, na msio Waislamu, hamjambo. Juma zima nimekaa nanyi chini ya mwembe mkidhani bibi amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nawatazama mnavyokula.

Ugali wa muhogo na kisamvu vinawekwa katikati. Mkono mmoja unamega, wa pili umeshika simu, mdomo uko mnadani kwenye bei ya korosho. Tonge linaingia bila mwenyewe kupata habari. Mara sinia jeupe, na mtu anauliza, "Hivi kisamvu kilikuwa na nazi?"

Siwacheki. Msimu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo, nyumbani kwetu sote tuligeuka makarani. Siku moja shoga yangu alishinda porini akichimba ming'oko, ile mizizi ya kuliwa, akaichemsha, akaniletea ingali ya moto. Mnajua wenyewe kuchimba ming'oko kunavyovunja mgongo. Nikala. Akaniuliza, "Chumvi imekaa sawa?" Nikamjibu, "Elfu tatu mia tatu." Alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Nami nilicheka, lakini usiku niliitafuta ladha ya ile ming'oko kinywani, sikuipata.

Madrasa tulifundishwa maneno ya Mtume kwa kijana aliyekula naye: mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Miaka mingi niliyachukua kuwa adabu ya sinia tu, usimvamie mwenzio upande wake. Uzeeni nimeona yana chumba kingine ndani. Kilicho mbele yako ni kisamvu hiki. Bei ya mnada ujao haiko mbele yako. Nasi bismillahi tunaisema kama mtu anayepiga hodi akiwa keshaingia.

Kazi nayo ni vilevile. Ukiuondoa moyo kwenye korosho, yenyewe inakwambia papo hapo: inakatika vipande, au mafuta ya ganda yanakula vidole kwa kuwa ulisahau kupaka jivu. Vitazameni vyangu. Kila kovu ni siku niliyokuwa kwingine. Moyo ukihudhuria, unasikia ganda likiachia vizuri, unasikia hata pumzi yako. Alhamdulillahi ya wakati huo hutoka mbali kuliko mdomoni. Siipati kila siku, jamani. Nikiipata mara mbili kwa kutwa najiona tajiri.

Asije mtu akasema bibi anatufunza kuridhika na kupunjwa. Hata kidogo. Wa kangomba, yule mlanguzi anayepima korosho kwa bakuli badala ya mizani, akija, mfukuzeni. Mizani ikidanganya, pigeni kelele. Ila shibeni kwanza.

Ninachowaomba ni kidogo. Matonge matatu ya mwanzo, simu ziwe ndani ya kapu, watu kimya, mtu atafune mpaka muhogo umtolee utamu wake. Bei itakuja kichwani, lazima ije. Iacheni ipite kama mbuzi wa jirani, msiirushie mawe wala msiifunge kamba. Kuanzia tonge la nne, pigeni soga mpendavyo.

Jumatatu naja na ming'oko. Chumvi nitamuuliza mmoja mmoja.

Bibi yenu,
Newala, Mtwara