Kwa nini tunakutoza kupima kompresheni kabla ya kutyuni rotari yako

Lalamiko ni lile lile, linabadilisha mdomo tu: "Nimepeleka gari wanityunie injini iongeze nguvu, wakanitoza hela ya kupima, halafu wakakataa kazi." Wiki iliyopita mteja mmoja mwenye RX-7, gari la Mazda lenye injini ya rotari (haina pistoni, ina rota za pembe tatu zinazozunguka), alituandikia hivyo kwa hasira, akaongeza kwamba sisi ni matapeli tunaotafuta visingizio vya kufungua injini za watu. Tunajibu hadharani kwa sababu wapo wengi wenye dukuduku hilo hilo, ila wao wanalimeza na kutusema pembeni. Na hata kama hutakuja kwetu, ukisoma hadi mwisho utajua umuulize nini fundi yeyote anayejiita wa rotari.

Kupima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya injini, kwetu ni kazi, wala hatupitishi mashine kwenye soketi ya chini ya dashibodi tukasema tumemaliza. Tunaliacha gari lipate moto kamili, tunahakikisha betri imejaa, tunakata mafuta na cheche, tunatoa plagi, mmoja anakanyaga pedeli ya mafuta hadi chini ili hewa iingie bila kuzuiwa, ndipo tunazungusha stata. Kila rota ina nyuso tatu, na kila uso unabana hewa kivyake. RX-7 na ndugu yake RX-8 zina rota mbili. Kwa hiyo mteja anaondoka na namba sita, na pembeni yake tumeandika stata ilikuwa inazungusha injini kwa mwendo gani. Fundi akikupa namba mbili tu, moja kwa kila rota, hajapima rotari yako.

Hapo ndipo hela nyingi za watu zinapopotelea. Geji ya kawaida ya pistoni ina kivalvu kinachoshikilia presha ya juu kabisa iliyopita. Kwenye silinda hakuna tatizo, maana pistoni ni ile ile moja inayopanda na kushuka. Kwenye rotari, nyuso tatu zinapita mbele ya tundu lile lile la plagi, na geji inabaki na ule ulio mzima kuliko wote. Ni sawa na mwalimu anayewaambia wazazi kwamba darasa limefaulu baada ya kusoma alama za mwanafunzi wa kwanza.

Alikuja mwenye RX-8 na karatasi ya gereji nyingine imeandikwa "kompresheni nzuri, badilisha koili". Koili alishabadilisha. Plagi alishabadilisha. Pampu ya mafuta nayo. Gari likiwa baridi linawaka bila shida. Likishapata moto ukalizima, haliwaki tena mpaka lipumzike. Rota ya nyuma ilikuwa nzima. Ya mbele ikatoa 800, 510, 490. Hizo ni kilopaskali, kwa mwendo wa mizunguko 250 kwa dakika. Kwa RX-8 Mazda inataka kila uso usishuke chini ya 680, na tofauti ya nyuso za rota moja isizidi 150. Geji ya kule iliisoma ile 800 ikatulia. Hatusemi fundi yule alidanganya, aliandika alichokiona. Lakini mteja alikuwa amelipia rundo la vipuri visivyohusika, na sisi tulipomwambia bei ya kupima alituangalia kama tunamkaba.

Namba zenyewe zinasema mengi kama unajua kuzisoma. Nyuso mbili jirani zikianguka pamoja, wa kwanza kushukiwa ni sili ya ncha (kipande chembamba kinachoziba kwenye ncha ya rota) iliyo katikati yao, kwa kuwa inaziba pande zote mbili. Uso mmoja ukianguka peke yake, tunafikiria sili ya ubavuni iliyonata au kulika. Zote zikishuka kwa pamoja, ni uchakavu, au injini imelowa petroli na oili imesafishwa ukutani. Hilo la mwisho mara nyingi linatibika bila kufungua kitu chochote, na wapo wateja waliokuja kwa kukokotwa wakidhani injini imekufa wakaondoka wanaendesha. (Waliliwasha gari asubuhi, wakalisogeza kidogo kupisha jingine, wakalizima likiwa baridi. Usifanye hivyo. Ukiwasha rotari, iache ipate moto.)

Injini ya huyo wa 800, 510, 490 tulipoifungua, sili ya ncha ilikuwa imekatika kona, kipande cha milimita chache hakipo. Kwenye RX-7 kipande kama hicho hutoka na moshi, na kama kuna turbo kinakwenda kupiga mapanga ya turbo njiani. Kwenye RX-8 njia za ekzosi ziko ubavuni, kwa hiyo kilizungushwa humo humo ndani. Ukipitisha kucha kwenye kromu ya nyumba ya rota (ukuta ambao rota inazunguka ndani yake) ulikuwa unasikia mfereji. Nyumba yenye mfereji haifungwi tena. Inanunuliwa nyingine, na hizo hazikai dukani kukusubiri. Muda wote aliokuwa anabadilisha koili na pampu, injini ilikuwa inajisaga.

Kuna anayeuliza kwa nini tunasisitiza mizunguko 250. Stata yenye nguvu inazungusha injini haraka, na injini ikizunguka haraka namba zinapanda. Wauzaji wajanja wanalijua hili. Anafunga stata mpya yenye nguvu, wengine wanamimina oili kidogo ndani ya chemba kabla ya kupima, na injini iliyochoka inatoa namba za kijana. Ukienda kununua rotari, liendeshe hadi lipate moto, lizime, subiri dakika kumi, kisha liwashe. Muuzaji anayekuonyesha gari likiwa tayari linanguruma na hataki kabisa kulizima, muage.

Kwa haki, ipo njia ya bei rahisi inayosaidia: unatoa kile kivalvu kwenye geji ya kawaida, kisha unatazama sindano ikidunda. Midundo mitatu iliyo sawa ni habari njema, mdundo mmoja ukikosekana ni msiba. Hiyo inakuonyesha kama nyuso zinalingana. Haikupi namba, na huwezi kuitegemea unapotaka kuongeza busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo).

Sasa tuje kwenye kutyuni, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Yule bwana wa RX-7 analo toleo la mwisho, lile lililotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002, lenye injini ya 13B-REW na turbo mbili zinazopokezana. Alikuwa amebadilisha ekzosi nzima kwa bomba pana, akatoa masega ya kusafisha moshi, akaweka chujio la hewa la wazi. Kompyuta ya gari ikabaki ile ile ya kiwandani. Injini hii ikipumua vizuri kupita ilivyopangiwa, busti inapanda yenyewe kuvuka kipimo, na kompyuta haina mafuta ya kuifuata. Yeye alisikia gari limekuwa jepesi, akafurahi. Tulipopima, rota ya nyuma ilikuwa inakaribia mwisho. Tukamwambia hatuwezi kuweka mapu mpya ya nguvu (mipangilio ya kompyuta) juu ya injini hiyo. "Fundi, si uweke tu, ikifa ni juu yangu." Bosi, injini zote zinasemewa hivyo, na zikifa jina linalotajwa ni la aliyeshika kompyuta mara ya mwisho.

Akaenda kwa mtu mwingine. Tunaheshimu, gari ni lake. Ila tuseme wazi tatizo la kupeleka rotari kwa mtaalamu wa pistoni, hata awe bingwa kiasi gani. Kwake, injini ikigonga kidogo (mafuta yakilipuka kabla ya wakati) kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu, ni ishara: anarudisha cheche nyuma, anaendelea na kazi, pistoni zimevumilia. Sili ya ncha ya 13B ya miaka hiyo ina unene wa milimita 2 na imesimama wima kwenye mfereji wake. Kugonga mara moja kwa nguvu chini ya busti kunatosha kuivunja. Na yeye amezoea kupunguza mafuta ili kupata nguvu. Sisi chini ya busti kubwa tunabaki karibu na sehemu 11 za hewa kwa moja ya mafuta, tunakubali kupoteza nguvu kidogo kwenye karatasi ya daino ili mteja afike nyumbani. Kisha kuna cheche mbili kwa kila rota, ya kutangulia na ya kufuata, na nafasi kati yake ni sehemu ya kazi. Tumeshapokea gari ambalo fundi alizipanga zote ziwake kwa pamoja kwa sababu hakuona faida ya kuzitenganisha.

Jambo la plagi nalo linaeleza mengi kuhusu fundi. Kwenye injini hizi za RX-7 plagi ya chini ndiyo inayotangulia, ya juu ndiyo inayofuata, na haziko daraja moja la joto: namba 7 chini, namba 9 juu. Muulize fundi wako hilo tu, kabla hujampa ufunguo. Akikujibu kwamba plagi ni plagi, umepata jibu lako.

Oili. "Gari langu linakula oili, fundi amesema ringi zimekwisha." Rotari haina ringi za pistoni, na inakula oili kwa makusudi: pampu ndogo inaipeleka kidogo kidogo kwenye chemba ili kulainisha sili. Ikiacha kula ndipo tuogope. Kuna mteja ambaye fundi wake alimfungia pampu hiyo "kuondoa moshi", wala hakumwambia achanganye oili ya tustroki kwenye petroli. Moshi uliisha kweli. Gari lilifika kwetu juu ya lori.

Ya RX-8 na masega yake tuipitie haraka. Koili zikidhoofika gari linamisi, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega, yanayeyuka, yanaziba, joto linarudi kwenye injini. Badilisha koili mapema. Hapo ndipo pa kutumia hela bila kusikitika.

Na kuna kosa moja ambalo likifika mezani kwetu tunaangaliana tu. Bolti ya puli ya mbele. Mtu anataka kubadilisha sili inayovuja oili mbele, anafungua bolti, shafti inasogea kidogo, beringi ya sindano iliyo nyuma yake inateleza kutoka kwenye kiti chake. Anarudisha bolti na kuikaza kwa nguvu zote. Beringi inabanwa na kupondwa. Gari linawaka, linatembea, baada ya muda oili inaanza kumeta vumbi la chuma. Anayejua anaikaba shafti isisogee kabla ya kugusa bolti, na akimaliza anaweka geji ya saa mbele na kupima shafti inacheza kiasi gani: kati ya milimita 0.04 na 0.07, ikifika 0.09 ni kikomo. Kazi ile ya kuvuja oili kwetu ina bei ambayo watu wanaishangaa, "sili moja tu ya raba!" Unalipia hiyo milimita.

Ndiyo, sisi si wa bei chee, na tumechoka kuomba radhi kwa hilo. Tukifungua injini, kila sili inapimwa na mfereji wake, kila bamba linawekewa rula kuona kama limepinda, raba zote za maji zinakuwa mpya hata kama za zamani zinaonekana nzuri, kwa sababu injini ikishachemsha hata mara moja hatuziamini tena. Anayekupa nusu ya bei yetu muulize ni kipi kati ya hivyo hafanyi. Pengine atakujibu vizuri. Muombe pia akuonyeshe namba za injini aliyoifunga mwaka jana, si picha ya injini iliyopakwa rangi. Muulize baada ya kuifunga utaiendeshaje: akikwambia iko tayari kwa busti siku hiyo hiyo, chukua ufunguo wako. Sisi injini mpya inatembea taratibu kwa kilomita 1,000 hivi, chini ya mizunguko 4,000, ndipo inarudi kupimwa tena na kutyuniwa. Kupima huko kwa pili hatulipishi.

Ile ya kwanza tutaendelea kulipisha. Ukifanya kazi kwetu, inakatwa kwenye bili. Usipofanya, karatasi yenye namba sita ni yako, ipeleke kwa fundi yeyote unayemwamini.

Ukiweka miadi, njoo na gari ukiliendesha kama bado linatembea, ili lifike likiwa la moto. Usibadilishe oili kuwa nzito siku moja kabla, usimimine dawa yoyote ndani, na kama umefunga stata isiyo ya kiwandani tuambie. Likigoma kuwaka usiendelee kulizungusha wala kulisukuma. Lipandishe kwenye gari la kukokota lije hivyo hivyo lilivyo.