Somo, Umeniuliza Nauza Nini

East Ham, London
7 Julai 2024

Somo yangu,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Barua yako nimeipata Ijumaa. Yote nimeyasoma, lakini ile sentensi uliyoiandika pembeni, kama iliyokuponyoka, ndiyo niliyolala nayo: "Kwani ni nyinyi mnaotudai?"

Ndiyo, ni sisi. Si peke yetu, lakini tumo. Mimi nauza hatifungani za nchi, zile ambazo huko kila mtu sasa azijua kwa jina la Yurobondi. Serikali yataka pesa, yaandika hati ya kuahidi kulipa, nasi twaitafutia wanunuzi. Mwezi wa Februari Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 ili ipate kulipa deni jingine, lile la bilioni 2 la mwaka 2014 ambalo siku yake ilikuwa Juni 24. La zamani lilikuwa la riba ya asilimia 6.875 kwa mwaka. Hili jipya ni 9.75.

Siku ile ofisini palikuwa na furaha, maana waliozitaka hati walizidi hati zenyewe. Nilifurahi na mimi, sitakudanganya. Mimi ndiye ninayejua kutamka majina ya kwetu, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa mtu. Niliporudi na treni jioni ndipo nikapiga hesabu: dola milioni 146 na ushei kila mwaka, riba tupu, deni lenyewe halijaguswa. Juni 24 ikapita salama, wenye hati zao wakalipwa. Kesho yake nikaona kwenye simu vijana wanaopinga kodi mpya wameingia Bungeni, risasi zalia, na wewe hupokei simu hadi usiku.

Riba. Neno hili ndilo lililonikosanisha na baba. Kazini laitwa kwa Kiingereza na halina harufu yoyote, kama vile wataja bei ya viazi. Nyumbani sina jingine. Kiswahili kimeliweka hilo hilo kwa benki na kwa Mola. Nilipopata kazi nilijaribu kumzunguka baba, nikamwambia tunawapatia wateja faida. Akaniuliza, "Faida ni ya mwenye duka. Duka lako liko wapi?"

Wamjua baba. Tangu tuje huku mwaka 2004 aendesha basi, na hajakopa hata kikombe cha sukari. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu mwaka 2012 ada ilikuwa pauni 9,000 kwa mwaka. Wenzangu wote walichukua mkopo wa serikali. Baba akasema mkopo una riba, hautaingia nyumbani kwake. Ni mama aliyeniokoa, na mchezo wake, ule wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Wanawake kumi na wawili, wa Mombasa, Lamu na Barawa, kila mmoja pauni 250 kwa mwezi. Walikaa chumbani kwetu wakala mahamri, wakakubaliana mama apewe zamu ya kwanza. Pauni 3,000, ndiyo muhula mmoja. Mihula miwili iliyobaki baba aliitafuta kwa zamu za usiku. Wakarudia hivyo hivyo miaka mitatu, na hakuna aliyedai hata senti ya ziada. Bangili za mama ulizokuwa ukizipenda usiziulizie.

Basi pesa hizo zilizo safi kama maji ya mvua ndizo zilizonifikisha ghorofa ya ishirini na moja, Canary Wharf, mtaa wa mabenki, niuze riba. Baba hali mshahara wangu. Nilinunua makochi mapya, yeye akaa kwenye kiti chake cha zamani, kile kilichovunjika mkono. Nikampa pesa za mwisho wa mwaka, akanirudishia bahasha: "Kajengee watu vyoo." Mama yeye huzipokea, hulipia umeme na gesi, ila haziweki kwenye mchezo. Hazichanganyi.

Wataka kujua wanunuzi ni nani. Nami nilidhani ni matajiri wenye mashua. Wengine ndio. Lakini wengi ni mifuko ya uwekezaji, na ndani yake mna pesa za pensheni, akiba za watu wa kawaida wanaokatwa kwenye mshahara kama unavyokatwa wewe. Huenda aliyekudai ni mfanyakazi kama wewe, karani wa manispaa ya mji wa Leeds huku, na hana habari.

Sasa nikwambie jambo, na uliweke. Mwezi uliopita baba aliletewa barua ya pensheni yake ya kazini, akaniomba nimsomee, macho yamepungua. Nikasoma kiasi alichonacho, akashukuru Mungu. Ukurasa wa pili walieleza pesa zake zimewekwa wapi. Kwa maandishi madogo, katikati ya orodha: hatifungani za serikali.

Nikaikunja. Akaniuliza kama kuna lingine, nikasema ni matangazo tu.

Nijibu upesi, na unieleze mgomo wenu wa shule umefika wapi.

Somo yako