Mahudhurio yanafuata mwezi

Igombe, Mwanza
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Habari za Tabora? Mimi mzima. Usininunie kwamba sipatikani. Simu ilichomoka mfukoni ikatumbukia kwenye pipa la maji pale shuleni, na tangu siku hiyo imelala kwenye mchele haijaamka. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu, uleule uliokuwa ukiucheka pale chuoni Butimba.

Kwenye haya mazoezi ya kufundisha nilipangiwa darasa la kwanza. Unajua nilivyokuwa naomba la tano au la sita! Watoto 98, madawati 22. Siku ya kwanza nimeingia na andalio la somo limenyooka, kadi za herufi nimekesha nikizikata. Wakasimama wote, "Shikamoo Madamuuu!" Nikaitikia marahaba, na hapo ndipo utulivu ulipoishia. Madamu naomba nje. Madamu huyu kaniibia penseli. Madamu huyu ananiangalia. Penseli yenyewe ni kipande cha kidole kimoja, maana nzima imekatwa mara tatu wagawane na ndugu zake. Ile saikolojia ya elimu tuliyokariri mpaka usiku wa manane sikuiona ilipokimbilia.

Tulizoeana kwa sababu ya herufi R. Wengi wao nyumbani ni Kisukuma tu, kwa hiyo mimi nasema ra re ri ro ru, darasa zima linanijibu la le li lo lu, tena kwa furaha. Siku ya tatu kakijana kamoja kakasema, "Madamu, hiyo si injini ya boti?" Basi tukawasha injini, boti 98 kwa pamoja, rrrrrr, hadi mwalimu wa jirani akaja kuchungulia dirishani. Kesho yake wakanidai na mimi nijifunze. Wakanifundisha kusema "ng'wangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mtoto wa Muheza mimi, ulimi ukagoma, wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye dawati.

Huyo wa injini ndiye ninayetaka kukusimulia. Namwita Nahodha. Wiki ile ya kwanza alikuwa anafika saa mbili na nusu kila siku, kidumu cha maji mkononi, mikono inanuka dagaa. Siku ya nne nikamsimamisha mlangoni mpaka kipindi kiishe. Hakulia wala hakujitetea. Wiki ya tatu nikamkuta shuleni kabla yangu, anafagia. Shoga, nilivimba kichwa! Nikajisifu ofisini kwamba yule mchelewaji nimeshamnyoosha.

Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima, akanitazama akacheka. "Mwalimu, wewe usiku hutazami juu?"

Kumbe dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata taa za wavuvi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, boti zinapumzika. Giza likiingia, boti zinarudi alfajiri zimejaa, na dagaa wasipoanikwa mapema wanaharibika. Nahodha analelewa na bibi yake, na bibi anaanika kwa malipo. Nikafungua daftari la mahudhurio nikapitisha kidole: si yeye peke yake. Watoto wa mwaloni, pale ufukweni boti zinapotua, wote wanapungua na kuongezeka pamoja na mwezi, na mimi nilikuwa naweka alama zangu nyekundu bila kuinua kichwa.

Giza lililofuata, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nikashuka mwaloni. Nilikwenda kumwomba msamaha, lakini nilipomwona maneno yakanikwama, nikainama nikaanza kuanika. Akaniacha kidogo, halafu akaja. "Madamu, usiwarundike, wataoza. Rusha hivi." Akachota kwa viganja, akarusha, wakatawanyika mchangani kama mtu aliyewapanga mmoja mmoja. Mimi wangu mabonge. Alinirekebisha mara tatu, bila kunisimamisha popote.

Na huyu mtoto darasani alikuwa hawezi kuandika 7! Pale mwaloni nikamsikia anamhesabia bibi yake ndoo, hadi 20, haruki hata moja. Jumatatu nikaweka kando vizibo tulivyokuwa tukihesabia, tukahesabu ndoo. Mkufunzi alipokuja kuniasesi aliandika kwamba zana za mazingira ni nzuri ila darasa lina kelele. Sawa.

Usidhani nimekuwa malaika wao wote. Kuna binti anakaa nyuma kabisa, mpaka leo sijasikia sauti yake. Nimejaribu maua ya karatasi, nimejaribu kumkabidhi chaki, wapi. Wewe ulisema una mmoja kama huyo, ulifanyaje? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Tunafunga Ijumaa ya wiki ijayo. Juzi Nahodha kaniuliza, "Madamu, giza lijalo utakuja kuanika?" Nilishahesabu. Mwezi sasa ni mpevu, giza litaingia mimi nimesharudi chuoni. Nikamwambia nitaangalia. Akatikisa kichwa taratibu, kama watu wazima wanavyofanya wakishajua jibu, akaenda kuchota maji.

Bibi yake kanipa kopo la dagaa, nusu yako. Wamo na wale nilioanika mimi, utawajua, wamegandana.

Wako,
Madamu wa Igombe