Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Ushirikiano wa Tiba za Kijeshi Unapimwa kwa Lipi?

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ya utendaji kulishughulikia swali moja kabla ya mengine: ushirikiano wa tiba baina ya jeshi letu la Tanzania na majeshi ya nchi nyingine unapimwa kwa lipi, na anayepima ni nani. Wengi wenu mmeupitia ushirikiano huo, ama mkiwa wakufunzi, ama wanafunzi, ama wauguzi wa zamu mliobaki na wagonjwa wodini baada ya wageni kupanda ndege. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu swali hilo, na mambo ya kawaida ya chama nimeyaweka mwishoni kwa ufupi.

Kipimo kilichozoeleka ni hesabu ya wagonjwa. Meli ya hospitali ya jeshi la majini la China, Peace Ark, ilitia nanga Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi mwaka 2017 na tena mwaka 2024. Katika zoezi la Natural Fire 10, lililofanyika Kitgum, Uganda, Oktoba 2009, wanajeshi wa nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na wa Marekani waliwatibu wananchi na kuwahudumia meno. Sizidharau huduma hizo hata kidogo, kwa kuwa mtu aliyeondolewa mtoto wa jicho anarudi nyumbani akiona. Lakini idadi ya waliohudumiwa hueleza zaidi juhudi ya mtoaji kuliko hali ya mpokeaji. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepewa vidonge vya mwezi mmoja huandikwa katika daftari lilelile na aliyefanyiwa upasuaji, na wote wawili huhesabiwa kuwa wametibiwa, ilhali yule wa kwanza mwezi unaofuata yuko palepale alipokuwa.

Upungufu huu umeonekana hata kwa wenye fedha nyingi. Februari 2012 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba, katika miradi ya kibinadamu iliyoendeshwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo kati ya mwaka wa fedha 2005 na 2009, takriban asilimia 90 ya tathmini zilizotakiwa kufanywa mwaka mmoja baada ya mradi kumalizika hazikuwa zimefanywa. Miaka miwili kabla ya hapo ofisi hiyohiyo ilikuwa imebaini kwamba kikosi cha Marekani kilichoko Djibouti kwa ajili ya Pembe ya Afrika kwa jumla hakikuwa kikifuatilia kama shughuli zake zilileta matokeo yaliyokusudiwa. Baadaye sheria ya ulinzi ya Marekani ya mwaka wa fedha 2017 iliifanya tathmini ya ushirikiano wa kiusalama kuwa wajibu. Nawapongeza Wamarekani kwa kuyachapisha hayo hadharani. Hata hivyo, ukaguzi wa mtoaji hujibu maswali ya walipa kodi wa mtoaji, na upande unaopokea unastahili kuwa na maswali yake na daftari lake.

Mfano uliotushughulisha kwa muda mrefu zaidi unatoka Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa na makumi ya wengine wakajeruhiwa. Majeruhi wa shambulio kama hilo hawaokolewi na cheti cha semina. Wanahitaji mkanda wa kuzuia damu uliofungwa na mwenzao aliye karibu, tabibu wa kikosi anayejua la kufanya baada ya hapo, helikopta iliyoruhusiwa kuruka, na timu ya upasuaji iliyo tayari kupokea. Umoja wa Mataifa umejiwekea kigezo cha muda kwa majeruhi wa misheni zake: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, huduma ya juu zaidi ya kuokoa maisha ndani ya saa 1, na upasuaji wa dharura wa kudhibiti madhara ndani ya saa 2.

Kamati inaona kwamba kigezo hicho kinafaa kuwa msingi wa kuupima ushirikiano wowote unaodai kuwaandaa askari wetu kwa ulinzi wa amani. Badala ya kuuliza ni askari wangapi walihudhuria mafunzo, tuulize kama miezi sita baadaye askari yuleyule, akiitwa bila taarifa na saa ikihesabu, anaweza kufunga mkanda huo sawasawa gizani. Hapa lakini panahitaji uangalifu ambao baadhi ya wanachama wa kanda waliusisitiza, nami nakubaliana nao. Zile dakika 10 za kwanza ziko mikononi mwa askari aliyefunzwa. Saa zinazofuata zinategemea pia hali ya hewa, usalama wa mahali pa kutua na ruhusa ya kuruka usiku, mambo ambayo mkufunzi hana mamlaka nayo. Kwa hiyo muda ugawanywe vipandevipande: kutoka kujeruhiwa hadi kufungwa jeraha, kutoka hapo hadi ombi la kuhamishwa kutumwa, kutoka ombi hadi helikopta kuruka, na kutoka kuruka hadi meza ya upasuaji. Muda wote ukijumlishwa kuwa namba moja, lawama na sifa huwaangukia wasiohusika.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed imefanya kazi ya VVU kwa miaka mingi na washirika wa Mbeya, na vilevile Kericho nchini Kenya na Kayunga nchini Uganda. Kuanzia mwaka 2013 utafiti uitwao AFRICOS umekuwa ukiwafuatilia watu wale wale kila baada ya miezi sita katika kliniki 12 za Uganda, Kenya, Tanzania na Nigeria, wakiwemo wanaoishi na VVU na wasio na maambukizi. Huo ndio upimaji ninaoutetea, kwa sababu swali lake ni kama virusi katika damu ya mtu huyu vimefifishwa na vimebaki hivyo, wala si kama alipewa dawa siku fulani.

Hata upimaji mzuri kiasi hicho haukutosha kujibu swali lililotukuta Januari 2025. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ingawa ruhusa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha ilitolewa baada ya siku chache, katika nchi nyingi wahudumu waliolipwa na miradi walikuwa wameshaambiwa wabaki nyumbani. Kliniki inaweza kuwa na matokeo bora kabisa ya tiba huku mwandishi wake wa takwimu, mshauri nasaha wake na vitendanishi (kemikali za kupimia) vya maabara yake vyote vikilipiwa kutoka nje. Kwa maoni yangu, tangu mwaka huu hakuna tathmini iliyo kamili isiyoonyesha, kituo kwa kituo, ni nafasi zipi za kazi zilizomo katika ikama ya serikali, yaani orodha ya nafasi zinazolipiwa na serikali, na zipi ziko kwa mshirika, na maabara ingeendesha vipimo kwa muda gani kama shehena inayofuata isingefika.

Upo pia upande wa muda mrefu, ambao wenye haraka huusahau. Jeshi la Marekani lilianza utafiti wa tiba nchini Kenya mwaka 1969, na baadaye kazi hiyo ikaendeshwa pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Kombewa, karibu na Kisumu, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,460 kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Bagamoyo na Korogwe vilikuwemo pia. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, zaidi ya miaka 30 tangu kazi ya kuitengeneza ianze. Jeshi la Marekani lilitafuta kinga ya askari wake, na waliochanjwa mwishowe ni watoto wetu. Tathmini ya kila baada ya miaka mitatu ingeufuta mradi huo zaidi ya mara moja.

Wapo wanachama waliosema kwamba urafiki wa majeshi wenyewe ni tunda, na kwamba si haki kuudai takwimu. Urafiki una faida zake, nami nimezishuhudia; lakini usiandikwe kwenye hesabu ya afya. Kwa mfano, washauri wa kijeshi wa Ujerumani wamefanya kazi kwa miaka mingi Lugalo, Dar es Salaam, katika hospitali ya jeshi letu na katika chuo chake cha tiba, na swali la haki kwa ushirikiano wa umri huo ni masomo mangapi leo yanafundishwa na wakufunzi wetu wenyewe, na mashine ikiharibika nani anaitengeneza.

Katika kutekeleza agizo la mkutano, kamati imeandaa dodoso fupi lililotumwa kwenye matawi. Linamtaka mwanachama aeleze hali ya kituo kabla ya mshirika kufika, kilichobaki mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake, na nani aliyetunza kumbukumbu. Halihitaji jina la kikosi, idadi ya askari wala jambo lolote la siri, na ninawaomba mzingatie hilo mnapojaza. Matawi ya mijini yamerudisha mapema. Ya mikoani bado yanasuasua. Majibu yakikamilika tutayaandalia mapendekezo ya kupelekwa kwa mamlaka za tiba jeshini, yakiwemo mawili ambayo kamati imeshakubaliana: takwimu za awali zichukuliwe kabla ya makubaliano yoyote kutiwa saini, na nakala ya takwimu zote ibaki kwa mwenyeji.

Kuhusu mambo mengine, hesabu za chama zimekaguliwa na zitawasilishwa na mweka hazina, na uchaguzi wa viongozi utafanyika kwa mujibu wa katiba. Wanachama ambao hawajalipa ada wanaombwa wafanye hivyo kabla ya mkutano, na madodoso yaliyosalia yakabidhiwe kwa katibu siku hiyohiyo.

Mwenyekiti