Jaji aachiwe nafasi ya kupima adhabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa adhabu ya kifo ambao hapa Moshi huibuka kila kesi kubwa ya mauaji inapotajwa. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ilipowahukumu kunyongwa waliotiwa hatiani kwa kumuua mfanyabiashara wa tanzanite aliyepigwa risasi wilayani Hai mwaka 2013, wengi tulisema haki imetendeka, nami nikiwamo.

Kilichonifikirisha baadaye ni kwamba jaji hakuwa na hiari, kwani kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu humlazimisha kutoa adhabu hiyo moja kwa karibu kila aliyeua kwa kukusudia, awe tajiri aliyekodi wauaji au kijana aliyeinua panga katika ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo (na ugomvi huo Uchagani haujawahi kuadimika). Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jirani zetu Arusha, ilitamka Novemba 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Kenya, Mahakama ya Juu iliuondoa mwaka 2017.

Sisi hatujamnyonga mtu tangu miaka ya 1990, lakini tunaendelea kuhukumu, na waliohukumiwa huzeeka gerezani wakisubiri siku isiyotajwa. Sidai muuaji aachiwe huru. Ninachoomba ni Bunge lirekebishe kifungu hicho, ili maombi ya kupunguziwa adhabu, ambayo leo mawakili huyatoa kwa kutimiza desturi tu, yawe na uzito mbele ya jaji.

Msomaji wako,
Moshi